Taa ya LED Uliyoiunda Haiwaki Sawasawa: Mwongozo Kamili wa Kusaka Hitilafu za Nyaya na Solda

LED ikipewa mkondo wake na ikapozwa inavyostahili, huwaka maelfu ya saa. Kinachokufa mapema katika taa zinazoundwa kwa mkono ni mahali nyaya zinapokutana: kiungo ambacho solda imekaa juu juu bila kushika, waya uliokatika ndani ya ganda lake, pedi ya shaba (kibati kidogo cha kulehemea) iliyobanduka kwenye bodi. Kwa hiyo usianze kwa kuwasha chuma cha kulehemu. Anza kwa kupima. Kila unapoipasha pedi moto upya, gundi inayoishikilia kwenye bodi hudhoofika, na kiungo kizima ulichokigusa bila sababu kinaweza kugeuka hitilafu ya pili. Hapo utakuwa unasaka mbili badala ya moja.

Mwongozo huu unahusu taa zinazotumia umeme mdogo wa DC: volti 5, 12 au 24 kutoka kwenye adapta au betri.

Mipaka ya usalama

Upande wa adapta unaopokea umeme wa ukutani usiufungue. Adapta ikifa, badilisha nzima. Kapasita zilizomo ndani (vipande vinavyotunza chaji ya umeme) hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, na chaji hiyo inatosha kuumiza vibaya. Balbu za LED zinazofungwa moja kwa moja kwenye holda ya umeme mkubwa nazo haziingii humu: katika nyingi kati yake bodi ya LED haijatenganishwa na umeme wa ukutani, na kuigusa ikiwa imewashwa ni sawa na kugusa waya wa moto.

Usilehemu waya moja kwa moja kwenye seli ya lithiamu. Joto la ncha huharibu vitenganishi vya ndani, na seli iliyoharibika hivyo inaweza kuwaka moto baadaye, wewe ukiwa umeshaisahau. Tumia kishikio cha betri, au seli zilizokwisha kuwekewa vibati vya kulehemea kiwandani.

Na kila taa inayotumia betri au adapta kubwa iwe na fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na chanzo. Taa inayokula ampea 2 ipewe fyuzi ya ampea 3. Betri ya volti 12 ikipigwa shoti inaweza kusukuma mkondo wa kuyeyusha ganda la waya kwa sekunde chache, na hakuna swichi itakayokuwahi.

Vifaa vya kuwa navyo mezani

Multimita ndiyo chombo kikuu. Hata ya bei nafuu inatosha, mradi iwe na kipimo cha volti za DC, cha omu, cha mlio wa mwendelezo (mita hulia njia ya umeme isipokatika) na cha dayodi (cha kupimia LED). Chuma cha kulehemu kiwe cha wati 40 hadi 60, na kama kinarekebishika joto ni bora zaidi. Ncha bapa ya upana wa milimita 2 hadi 3 hupeleka joto haraka kuliko ile iliyochongoka kama sindano. Wengi huchukua ya sindano wakidhani kazi ndogo inataka ncha ndogo, kisha wanakaa sekunde kumi juu ya kiungo kimoja na kukiunguza.

Solda ya unene wa milimita 0.6 hadi 0.8 yenye flaksi ndani (dawa inayosafisha shaba ili solda ishike) inafaa kazi hii yote. Ile ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na kuganda papo hapo, jambo linalopunguza viungo vibovu. Solda isiyo na risasi huanzia nyuzi 217 hadi 227, kwa hiyo inahitaji ncha yenye joto zaidi. Ongeza flaksi ya utomvu kando, utambi wa shaba wa kunyonyea solda, spiriti ya kusafishia, wembe, na mipira inayosinyaa kwa joto. Flaksi ya asidi inayotumiwa na mafundi bomba usiilete kwenye bodi hata kidogo: mabaki yake hula shaba polepole, na taa itakufa baada ya miezi michache bila sababu inayoonekana.

Kama solda yako ina risasi, nawa mikono ukimaliza. Moshi unaoona ni wa flaksi. Fungua dirisha na usiinamie juu yake.

Soma dalili kabla ya kugusa kitu

Taa nzima ikiwa giza, shaka ya kwanza ni chanzo, fyuzi, swichi au polariti (chanya na hasi kugeuzwa). Baadhi zikiwaka na baadhi zikazima, angalia mpangilio wake. LED zilizofungwa kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine kwenye njia moja, hufa pamoja: moja ikifunguka, zote za mstari huo huzima. Kwenye ukanda wa LED wa volti 12, LED hukaa makundi ya tatu tatu, kila kundi na rezista yake (kipande kinachozuia mkondo usizidi), na alama za kukatia ziko kati ya kundi na kundi. Kundi moja tu likizima, hitilafu iko ndani ya hizo tatu. Kila kitu kikizima kuanzia mahali fulani hadi mwisho, shaba imekatika hapo au kiungo cha hapo kimeachia.

Taa inayopepesa ukiigusa au ukiupinda waya ina kiungo kilicholegea. Inayopepesa kwa mapigo sawasawa, inawaka na kuzima kama inayohesabu, kwa kawaida inaonyesha adapta iliyozidiwa mzigo: inajikinga kwa kuzima, inajaribu tena, inazima tena. Inayoanza vizuri kisha ikafifia baada ya dakika kadhaa ina tatizo la joto, ama la LED kukosa kupozwa, ama la kiungo kinachofunguka kinapotanuka. Inayong'aa mwanzoni na kufifia kuelekea mwisho inapoteza volti njiani.

Ukanda wa rangi tatu una dalili zake. Rangi moja ikikosekana kote, waya mmoja kati ya ile ya R (nyekundu), G (kijani) na B (buluu) haujashika. Rangi mbili zikiwaka pamoja wakati umeomba moja, solda imeunganisha pedi mbili jirani.

Kupima, hatua kwa hatua

1. Chomoa umeme, kisha tenganisha taa na chanzo chake kabisa. Weka mita kwenye mlio wa mwendelezo na gusa waya wa chanya na wa hasi wa taa. Isilie. Kama kuna kapasita italia kidogo kisha inyamaze, hilo ni la kawaida. Ikiendelea kulia, kuna shoti, na usiwashe mpaka uipate.

2. Pima chanzo peke yake, bila taa. Adapta ya volti 12 isome kati ya 11.5 na 12.6. Hakikisha chanya ni chanya kweli: mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, umeshika nyaya kinyume, au plagi ya adapta imegeuzwa. Rangi ya waya si ushahidi. Amini mita.

3. Unganisha taa, washa, na upime volti tena palepale kwenye chanzo. Kama 12 imeshuka kuwa 9 au namba zinacheza, adapta imezidiwa au kuna shoti isiyo kamili.

4. Tembea na mita kutoka kwenye chanzo kuelekea LED: baada ya fyuzi, baada ya swichi, kila kiungo, mpaka kwenye pedi za LED. Ncha nyeusi ibaki kwenye hasi ya chanzo, nyekundu isogee. Mahali volti zinapotoweka ghafla, hitilafu iko kati ya hapo na mahali ulipotoka. Kisha rudia kinyume: nyekundu ibaki kwenye chanya ya chanzo, nyeusi itembee upande wa hasi. Waya wa hasi hukatika sawa na wa chanya, lakini husahauliwa.

Jihadhari na kitufe cha ampea. Mita ikiwa kwenye ampea na ukaigusisha kwenye chanya na hasi za chanzo, umepiga shoti kupitia mita. Bahati njema ni fyuzi yake kuungua. Na kama taa ina dima (kipunguza mwanga), iweke kwenye mwanga wa juu kabisa kabla ya kupima, kwa sababu dima hukatakata umeme na mita husoma wastani tu.

Kiungo kinachopitisha umeme kwa shida hakisemi chochote kwenye kipimo cha mlio. Mita hulia hata kama ni uzi mmoja tu wa waya umegusa. Kipime kikiwa kinabeba mzigo. Washa taa, weka mita kwenye milivolti, gusa waya upande mmoja wa kiungo na shaba upande wa pili. Kiungo kizuri kinachobeba ampea 1 huonyesha milivolti chache. Ukiona mamia, umeipata hitilafu, hata kama kwa macho kinang'aa. Kipimo hiki hukuonyesha kiungo kibovu bila kuchezea vingine vyote, na kwa maoni yetu ndicho fundi wa nyumbani anachopaswa kukizoea kuliko vyote.

LED zilizo kwenye mfululizo: namba zinavyosema

Chukua mfano wa LED tatu nyeupe na rezista ya omu 180 kwenye volti 12. Kila LED inachukua takriban volti 3.1, jumla 9.3. Zinabaki 2.7 juu ya rezista, na 2.7 ukigawa kwa 180 unapata ampea 0.015, yaani miliampea 15. Hali njema unaijua, sasa soma hali mbaya.

Ukipima LED moja ukapata karibu volti zote, mara nyingi 7 au zaidi, na nyingine zote ziko giza, hiyo ndiyo iliyofungua njia. Namba haifiki 12 kamili kwa kuwa mita yenyewe hupitisha mkondo mdogo sana, na LED zilizobaki hula volti zao kidogo hata kwa mkondo huo. Kabla ya kuihukumu, pima mara ya pili, safari hii ncha za mita zikiwa juu ya miguu ya LED yenyewe na si juu ya pedi. Kama volti zile kubwa zinaonekana kwenye pedi lakini hazionekani kwenye miguu, LED ni nzima na solda ndiyo haijashika. Hilo hutokea mara nyingi kiasi kwamba kutupa LED bila kipimo cha pili ni hasara.

Ukipata sifuri juu ya LED moja huku nyingine mbili zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, hiyo moja imepigwa shoti ndani, au kuna daraja la solda chini yake. Usiiache taa iendelee hivyo. Volti 3.1 ambazo hazitumiki zinahamia kwenye rezista, mkondo unapanda kufikia karibu miliampea 30, na LED za milimita 5 zilizokusudiwa 20 zitafuatana kufa.

LED iliyofungwa kinyume hutoa dalili sawa na iliyofunguka, ila mita ikiwekwa na nyekundu kwenye anodi yake (mguu wa chanya) itaonyesha alama ya kutoa. LED nyingi ndogo huvumilia takriban volti 5 tu za kinyume, kwa hiyo iliyokaa kinyume kwenye volti 12 inaweza kuwa imeumia. Igeuze, kisha ipime. Mguu mrefu ni anodi, na upande wa ukingo uliokatwa bapa ni kathodi, yaani mguu wa hasi. Miguu ikishakatwa, amini ukingo bapa.

Kipimo cha dayodi kinafaa kupima LED mojamoja. Nyekundu kwenye anodi, nyeusi kwenye kathodi: LED nzima itatoa mwanga hafifu. LED nyekundu na za manjano huwaka kwenye mita karibu yoyote kwa kuwa zinahitaji volti 1.8 hadi 2.2. Nyeupe na buluu huhitaji karibu 3, na mita nyingine hazifikishi hapo. LED nyeupe isipowaka kwenye mita, jaribu kwa betri ya volti 9 na rezista ya omu 470 kabla ya kuitangaza mfu.

Kulisaka shoti bila kuunguza kitu

Fyuzi inakatika kila unapowasha? Usiongeze ukubwa wa fyuzi. Funga balbu ya gari ya volti 12 wati 21, ile ya uzi, kwa mfululizo kwenye waya wa chanya kati ya chanzo na taa. Shoti ikiwepo, balbu itawaka kwa nguvu na mkondo hautazidi ampea 1.75 au karibu na hapo, kwa hiyo nyaya zitabaki salama. Sasa tenganisha taa sehemu kwa sehemu. Balbu inapofifia ghafla, sehemu uliyotoka kuitenganisha ndiyo yenye shoti. Gawanya nusu kwa nusu badala ya kuanza mwanzo hadi mwisho. Taa ya vipande nane unaimaliza kwa majaribio matatu.

Mahali pa kutazama kwanza: nyuzi za waya zilizotawanyika na kugusa pedi jirani, madaraja ya solda, ukingo wa ukanda uliokatwa kwa mkasi butu hadi tabaka la shaba la juu likagusana na la chini, na ukanda uliobandikwa juu ya chuma huku pedi za mwisho zikigusa chuma hicho.

Kiungo kizuri, kiungo kibovu

Solda haigandi kwenye shaba kwa kumwagiwa. Inashika pale shaba yenyewe inapokuwa na joto la kuiyeyusha. Hiyo ndiyo siri yote ya kulehemu, na karibu kila kosa linatoka hapo.

Kiungo kizuri kina mteremko: solda imelala kwenye pedi, imepanda juu ya waya, kingo zake zimeishia nyembamba. Kiungo baridi kimejikunja duara kama tone la maji juu ya jani lenye mafuta. Kinaonekana kinene na imara, lakini chini yake kuna uchafu na hewa. Kiungo kilichotikiswa kabla ya kuganda kina uso uliokunjamana na nyufa ndogo. Solda isiyo na risasi kwa asili yake haing'ai sana, kwa hiyo usiihukumu kwa mng'ao. Tazama umbo la kingo.

Ukishathibitisha kwa mita kwamba kiungo fulani ni kibovu, usikipashe tu moto na kuondoka. Flaksi ya mwanzo imeshaungua na solda ya zamani imeshika kutu ya joto. Inyonye kwa utambi: weka utambi wenye flaksi juu ya kiungo, bonyeza ncha juu yake sekunde mbili hadi tatu, viondoe vyote viwili pamoja. Ukiondoa chuma kwanza, utambi utaganda kwenye pedi na utang'oka nayo. Safisha kwa spiriti. Kwangua shaba taratibu kwa wembe kama imekuwa nyeusi.

Kisha lehemu upya hivi:

- Weka ncha kwenye nyuzi 320 hadi 350 kwa solda yenye risasi, 350 hadi 380 kwa isiyo na risasi.
- Futa ncha kwenye sifongo chenye unyevu au sufi ya shaba, kisha ipake solda kidogo. Ncha nyeusi inayokataa solda haipitishi joto hata ukiipandisha nyuzi 450.
- Paka solda kwenye pedi peke yake, kisha kwenye waya peke yake.
- Ongeza flaksi kidogo, laza waya juu ya pedi, gusa vyote viwili kwa ncha mpaka solda ya pande zote iyeyuke na kuwa moja. Sekunde 1 hadi 3 zinatosha.
- Ondoa chuma, shikilia waya bila kutikisa mpaka solda igande. Usipulize.

LED za miguu zina mpaka wake: nyingi huvumilia nyuzi 260 kwa sekunde 3 hadi 5, kiungo kikiwa angalau milimita 3 kutoka kwenye mwili wa LED. Bana mguu kwa koleo ndogo kati ya kiungo na mwili, koleo itanyonya joto. LED iliyounguzwa hivyo haifi palepale kila mara. Huwaka, kisha huanza kuzima ikipata moto, kwa sababu kiwaya chembamba cha ndani kimelegea.

Waya usioshika solda hata ukiupaka flaksi uukwangue kwa wembe. Shaba iliyopakwa bati ni nyeupe nje na nyekundu ndani, nayo hushika vizuri. Waya ulio mwekundu nje na mweupe ndani ni aluminiamu iliyovikwa shaba: ngozi hiyo ya shaba ikikwanguka, solda haina pa kushika, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba tupu ya unene uleule. Kwa nyaya za taa, tuseme wazi: uache.

Jambo moja zaidi linalokosewa hata na wazoefu. Waya wenye nyuzi nyingi unaoingia kwenye konekta ya skrubu usipakwe solda mwishoni. Solda ni laini, hujisogeza polepole chini ya mgandamizo, skrubu inalegea, kiungo kinapata moto. Tumia vikofia vya kubana, au kaza nyuzi tupu zilizosokotwa.

Kurekebisha ukanda na bodi za aluminiamu

Pedi za ukanda ni nyembamba na zimebandikwa kwenye plastiki laini, hivyo muda ni adui mkubwa kuliko joto. Bora nyuzi 340 kwa sekunde moja kuliko 280 kwa sekunde sita. Kama ukanda umefunikwa silikoni, ikate kwa wembe ukiulaza karibu bapa, uimenye mpaka pedi iwe tupu. Silikoni iliyobaki juu ya shaba huzuia solda kabisa. Pedi ikibanduka, usiing'ang'anie. Kata kundi hilo zima kwenye alama na uanze na pedi za kundi linalofuata, au kwangua mipako ya rangi juu ya njia ya shaba kwa milimita 2 na ulehemu hapo.

LED za wati 1 na 3 zilizokaa kwenye bodi za aluminiamu zina shida iliyo kinyume: bodi hunyonya joto, solda inaganda kabla ya kushika. Ondoa bodi kwenye kipoza joto, iweke juu ya ubao mkavu, tumia chuma cha wati 60 na ncha nene. Ukishamaliza, pima mwendelezo kati ya kila pedi na aluminiamu yenyewe. Mita isilie. Uzi mmoja wa waya unaochungulia ukingoni unatosha kuweka umeme kwenye kipoza joto. Ukiirudisha bodi mahali pake, paka grisi ya kupitisha joto tabaka jembamba tu na kaza skrubu sawasawa. Nyingi kupita kiasi huzuia joto badala ya kulipitisha.

LED hizi kubwa huendeshwa na draiva (kifaa kinachozilisha umeme) ya mkondo usiobadilika, kwa mfano miliampea 350 kwa LED ya wati 1. Usiwahi kuunganisha LED wakati draiva imeshawashwa. Bila mzigo, volti zake hupanda hadi kikomo, kapasita ya kutokea hujaa, na ukigusisha LED chaji yote hiyo hupita kwa mkupuo. Kwa sababu hiyohiyo kiungo kilicholegea kwenye taa ya namna hii huua LED kweli, kwani kila kinapoachia na kushika tena kinatoa mkupuo mpya. Unganisha kwanza, washa baadaye.

Mwanga unaofifia mwisho wa ukanda

Ukanda wa wati 14.4 kwa mita, urefu wa mita 5, ni wati 72, yaani ampea 6 kwenye volti 12. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5 una ukinzani wa karibu omu 0.035 kwa mita. Adapta ikiwa mita 3 mbali, umeme unasafiri mita 6 kwenda na kurudi: omu 0.21, mara ampea 6, ni volti 1.26 zimepotea kabla ya LED ya kwanza. Kwa waya wa milimita mraba 1.5 hasara hiyo inashuka hadi karibu 0.42. Shaba nyembamba ya ukanda wenyewe nayo inaongeza ya kwake.

Pima volti mwanzoni na mwishoni mwa ukanda, taa zote zikiwa zimewaka. Tofauti ikizidi volti 1, peleka jozi nyingine ya nyaya kutoka kwenye adapta hadi mwisho wa ukanda. Ukanda wa rangi tatu ulioagizwa rangi nyeupe huonyesha hasara hii kwa kuwa mwekundu mwekundu mwishoni, kwa kuwa LED za buluu na kijani ndizo zinazohitaji volti zaidi.

Rezista isiyo sahihi

Taa hafifu sana yenye viungo vizuri: soma rangi za rezista upya, au ipime ikiwa imetolewa mguu mmoja. Kahawia, kijivu, kahawia ni omu 180. Kahawia, kijivu, nyekundu ni 1,800, na chini ya mwanga mbaya rangi hizo mbili za mwisho hufanana.

LED zinazokufa moja baada ya nyingine kwenye taa ya betri zina sababu tofauti. Betri ya risasi ya volti 12 inapochajiwa hufika 14.4. Ule mfano wetu wa omu 180 sasa unapitisha karibu miliampea 28. Badilisha iwe omu 270: kwa volti 14.4 unapata chini ya miliampea 19, na kwa 12 kama 10. Mwanga kwenye volti 12 unapungua kidogo, ila LED zinaishi.

LED kadhaa zilizofungwa sambamba (ubavu kwa ubavu) chini ya rezista moja nazo hufa kwa zamu. Hazilingani kamwe, ile yenye volti ndogo kidogo huchukua mkondo mkubwa, inapata moto, volti zake zinashuka zaidi, inachukua mkondo zaidi. Kila mstari uwe na rezista yake.

LED zinazoongozwa kwa data

Kwa kanda za aina ya WS2812B, LED zikiwaka hadi moja fulani na zingine zikacheza ovyo, kosa liko kwenye LED ya mwisho inayotii, kwenye ya kwanza isiyotii, au kwenye kiungo cha data kati yao. Badilisha zote mbili ukiwa umeshatenganisha eneo hilo. Zikikataa zote, tazama mishale: data huingia upande mmoja tu. Hasi ya adapta na hasi ya mikrokontrola (kompyuta ndogo inayotuma data) lazima ziunganishwe. Weka rezista ya omu 300 hadi 500 mwanzoni mwa waya wa data na kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye chanya na hasi za ukanda. Kila pikseli (LED moja ya ukanda) huweza kula hadi miliampea 60 kwenye nyeupe kamili, kwa hiyo pikseli 60 ni ampea 3.6. Na mikrokontrola ya volti 3.3 hutoa data isiyofikia kiwango cha 3.5 ambacho ukanda wa volti 5 unataka. Ikifanya kazi leo na kukataa kesho, ongeza kipandisha volti cha data.

Baada ya kurekebisha

Pima shoti tena kabla ya kuwasha. Washa kupitia ile balbu ya gari kwanza, kisha moja kwa moja. Vuta kila waya taratibu na uutikise huku ukitazama mwanga. Funika kila kiungo kwa mpira unaosinyaa. Tepu ya umeme huachia gundi ikipata joto. Funga waya kwenye fremu kwa kibano karibu na kiungo, ili ukivutwa, kivutwe kibano na si solda.

Iache taa iwake saa moja. Gusa viungo, waya, adapta na kipoza joto kwa nyuma ya kidole. Kiungo chenye joto kuliko waya wake kirudiwe. Kipoza joto usichoweza kukishika sekunde tano ni kidogo mno kwa LED zake: kiongeze ukubwa, au punguza mkondo wa draiva.